Paka Asiyebanduka Ubavuni: Namna ya Kutafuta Chanzo

Miongoni mwa watu wanaofuga paka katika maghorofa ya Nairobi, kuna walalamikaji wa aina mbili. Wa kwanza hunung'unika kwamba paka wao hawajali kabisa, kwamba huingia nyumbani kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba, hula, kisha hutoweka kupitia dirisha la jikoni. Wa pili husema kinyume chake: paka wao habanduki, huwafuata jikoni na bafuni, huwalalia kifuani usiku kucha, na hulia mlango ukifungwa baina yao. Mwongozo huu ni wa hawa wa pili. Wengi wao huwa wamekwisha kujipa jibu kabla ya kuuliza: paka ana njaa, au paka ananipenda. (Majirani huwa na jibu la tatu, la ushirikina, ambalo sitalishughulikia.) Majibu hayo mawili huwa ya kweli mara nyingi, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu jibu linaloridhisha humfanya mtu aache kutafuta.

Ukaribu wenyewe si hitilafu. Paka aliyelala miguuni pako tangu utotoni, na ambaye bado analala papo hapo akiwa na umri wa miaka saba, hana jambo la kuchunguzwa. Kinachochunguzwa ni badiliko. Kwa hiyo, kabla ya kuingia katika dalili moja moja, jiulize tabia hii ilianza lini, hutokea saa ngapi za siku, na ni kitu gani kingine kilichobadilika wakati huohuo, iwe ni uzito, unywaji wa maji, choo, ratiba yako ya kazi au watu wanaoishi nyumbani. Uzito hasa usikadiriwe kwa macho, maana manyoya hudanganya. Mizani ya kusimamia haisomi gramu vizuri, na mizani ya dukani ya kupimia sukari ingefaa zaidi, ila sijapata kumwona mwenye duka aliyekubali. Mtie paka katika beseni, tumia mizani ya jikoni yenye uwezo wa kilo kumi, na uandike tarehe. Paka wa kilo 5 aliyepoteza gramu 500 amepungua sehemu moja ya kumi ya mwili wake, kiasi ambacho kwa mtu wa kilo 70 kingekuwa kilo saba.

Analala juu yako, hasa usiku na alfajiri

Sababu ya kwanza ya kuangaliwa ni baridi. Nairobi iko katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku hufikia mara nyingi nyuzi 12 za Selsiasi au chini ya hapo nje, na nyumba za mawe hazina kipasha joto. Mwili wa paka huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39, na ili audumishe bila kutumia nguvu ya ziada anahitaji hewa ya takriban nyuzi 30 au zaidi, kiwango ambacho mwanadamu angekiita joto la kuchosha. Hilo ni urithi wa mababu zake waliozoea nchi kavu zenye jua kali. Katika nyumba ya Nairobi mwezi wa Julai, vitu vinavyokaribia kiwango hicho ni vichache: king'amuzi cha televisheni kinachowaka, sehemu ya sakafu inayopigwa na jua la saa nne asubuhi, na wewe.

Kuthibitisha ni rahisi. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ifunge vizuri kwa taulo, uiweke ndani ya katoni yenye sweta kuukuu karibu na kitanda chako. Paka akihamia humo, alichokuwa akikitafuta ni joto. Akikaa humo kidogo kisha akarudi kwako hata kabla chupa haijapoa, anatafuta kitu kingine pamoja na joto, na utahitaji kuendelea kusoma. Paka wangu dume, Sultani, aliyehasiwa akiwa mdogo, alikuwa na desturi ya kulala juu ya king'amuzi jioni yote na kuhamia chini ya blanketi langu pindi nilipokizima. Nimeitaja desturi hiyo hapa kwa sababu nitairudia mbele.

Anakufuata jikoni na kulia

Hapa njaa ndiyo mshukiwa wa kwanza, lakini kuna njaa ya namna tatu na hazitibiwi kwa njia moja.

Ya kwanza ni ya mazoea. Paka hujifunza upesi kwamba kilio fulani hufungua mfuko wa chakula, na hukiboresha kilio hicho kulingana na msikilizaji. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya paka wanapoomba chakula huchanganya ndani ya mngurumo wao wa kawaida sauti nyembamba inayofanana na kilio, na kwamba watu wanaousikia mngurumo huo huuona kuwa wa dharura na usiopendeza kuliko ule wa kawaida. Anayeamka saa kumi alfajiri kunyamazisha sauti hiyo kwa konzi ya chakula amemfundisha paka kumwamsha kesho saa tisa na nusu. Dawa ni kulisha kwa saa, wala si kwa kilio, na kugawa chakula cha siku katika sehemu ndogo tatu au nne, kwa kuwa tumbo la paka limeumbwa kwa mawindo madogo ya mara nyingi. Ujue kwamba kilio kitazidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Ukishindwa siku ya nne, utakuwa umemfundisha kwamba uvumilivu hulipa.

Ya pili ni njaa ya paka aliyeshiba. Nyumba nyingi humlisha paka mabaki: ugali uliolowekwa katika mchuzi, omena chache juu yake, na kikombe cha maziwa. Ugali hujaza tumbo bila kumpa paka anachohitaji, maana yeye ni mla nyama kamili na hana budi kupata katika chakula chake taurini, kirutubishi ambacho kiko katika nyama na samaki lakini hakimo katika nafaka. Kikikosekana kwa muda mrefu, macho na misuli ya moyo huharibika. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa sababu uwezo wao wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua baada ya kuachishwa kunyonya. Geuza uwiano: omena za kuchemsha, kuku au nyama iwe ndiyo mlo wenyewe, na ugali uwe kidogo tu au usiwepo. Nyama na samaki bila chochote kingine navyo havimtoshelezi milele, kwa hiyo chakula maalumu cha paka, hata kikiwa nusu ya mlo, husaidia kuziba pengo.

Ya tatu ni minyoo. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele vimenata chini ya mkia au mahali alipolala, hao ni tegu, na mara nyingi huletwa na viroboto ambao paka huwameza anapojilamba. Kumpa dawa ya minyoo bila kuwaua viroboto ni kufagia mbele ya upepo. Dawa hizo hutolewa kwa kipimo cha uzito. Unapokwenda kwenye duka la dawa za mifugo, taja wazi kwamba mnyama wako ni paka, kwa sababu dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini zinaweza kumuua.

Anajisugua, anakanda, anakungoja mlangoni

Dalili hizi ndizo zinazoitwa mapenzi, na sina sababu ya kuzikana, ila ni vyema kujua zinafanya kazi gani. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso na kwenye shina la mkia. Anapokusugua kwa shavu unapoingia, hupaka harufu yake juu ya harufu uliyokuja nayo kutoka kwenye matatu na ofisini, mpaka unukie tena kama mtu wa nyumba hiyo. Kukanda kwa miguu ya mbele, kama mtu anayekanda unga wa chapati, ni tabia ya kitoto cha paka kinachoyasukuma matiti ya mama ili maziwa yatoke, na wengi huibeba hadi uzeeni. Mkia uliosimama wima ni salamu. Kufumba na kufumbua macho polepole ni ishara ya utulivu ambayo unaweza kuirudisha: uchunguzi mwingine wa watu wa Sussex, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba paka huwajibu binadamu wanaowafanyia hivyo na huwasogelea zaidi.

Kuna usemi unaorudiwa sana, kwamba mbwa humpenda mwenye nyumba ilhali paka huipenda nyumba yenyewe. Una chembe ya ukweli, kwa sababu paka wetu ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayeishi peke yake na ambaye bado yupo katika nyika za Kenya, na mnyama wa namna hiyo hutegemea eneo lake kuliko kundi. Lakini paka huyo alianza kuvizia panya katika maghala ya nafaka ya binadamu takriban miaka 10,000 iliyopita, na muda huo haukupita bure. Mwaka 2019, Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliwaweka watoto wa paka katika chumba wasichokijua pamoja na walezi wao kwa dakika mbili, wakawaacha peke yao kwa dakika mbili, kisha walezi wakarudi. Takriban asilimia 64 walimsalimu mlezi, wakatulia, wakaendelea kukichunguza chumba. Paka wakubwa nao walitoa kiwango kinachokaribiana na hicho. Waliosalia ama waling'ang'ania bila kutulia au walijitenga.

Kipimo hicho kinaweza kutumika nyumbani bila maabara. Ukirudi jioni, mwangalie kwa dakika tano. Paka mwenye usalama moyoni hukupokea, hujisugua mara mbili tatu, kisha hurudi kwenye shughuli zake, pengine akikaa chumba kimoja nawe bila kukugusa. Huyo hana tatizo, hata kama anakufuata hadi chooni. (Mlango wa choo uliofungwa ni mpaka mpya katika eneo lake, naye hukagua mipaka.) Yule asiyeweza kuondoka miguuni pako, anayehema, anayelia kila unapoinuka, yuko katika sehemu mbili zifuatazo.

Hawezi kuachwa peke yake

Paka wa nyumba ya ghorofa anaweza kukaa peke yake saa kumi na mbili au zaidi, kuanzia mwenyewe anapotoka alfajiri kuwahi kazini hadi foleni ya barabara itakapomrudisha usiku. Wengi huvumilia. Asiyevumilia hukojoa kitandani pako mahali penye harufu yako, hulia nyuma ya mlango mpaka jirani au msimamizi wa jengo alalamike, au hujilamba tumboni hadi manyoya yaishe. Mwelekeo huu hutokea zaidi kwa paka aliyenyang'anywa mama yake mapema mno na akalelewa na mtu mmoja. Kipindi cha kuzoea watu na wanyama wengine ni kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha, na anayekipitia ndani ya katoni na uso mmoja tu hubaki akiutegemea uso huo. Kwa hiyo usikubali kuletewa kitoto cha paka chenye wiki nne, hata ukiambiwa kinakula mwenyewe.

Kinachosaidia ni kazi, wala si kupakatwa zaidi. Mwindishe kwa kamba yenye unyoya kwa dakika kumi asubuhi kabla hujatoka, kisha umlishe, kwa kuwa mpangilio wa maumbile yake ni kuwinda, kula, kujilamba na kulala. Sehemu ya chakula chake ifiche katika vibomba vya karatasi ya chooni vilivyofungwa ncha. Mpe mahali pa juu karibu na dirisha lenye wavu. Toka na urudi bila shangwe. Ukisafiri kwenda ushago kwa sikukuu, afadhali mtu aje kumlisha hapohapo alipozoea kuliko kumhamishia kwa rafiki.

Anajificha nyuma yako

Huu ni woga, na mara nyingi chanzo chake huonekana: ngurumo za mvua za Machi hadi Mei, fataki za Mwaka Mpya, mbwa mpya wa jirani, fundi aliyekuja na drili, au kuhamia nyumba nyingine. Mpe pango lenye giza ambalo hakuna atakayemtoa kwa nguvu. Baada ya kuhama, mfungie chumba kimoja chenye vitu vyake visivyofuliwa, kisha umfungulie vyumba vingine polepole. Usimtoe nje kwa wiki mbili au tatu.

Paka jike mchanga anayegaagaa na kulia mfululizo

Ikiwa hajafungwa kizazi na ana zaidi ya miezi minne, ameingia joto. Hujisugua kwa kila kitu, huinua nyonga anapopapaswa mgongoni, na hulia kwa sauti inayowafanya wageni wadhani ameumia. Hali hiyo hudumu takriban wiki moja na hurudi baada ya wiki mbili au tatu asipopandwa. Katika nchi zenye majira ya baridi kali paka hupumzika miezi ya mchana mfupi. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo mapumziko hayo usiyategemee. Upasuaji wa kufunga kizazi humaliza jambo hili.

Paka mzee aliyebadilika

Sasa narudi kwa Sultani. Alipotimiza miaka kumi na miwili alianza kunifuata chumba hadi chumba, jambo ambalo hakuwa nalo. Alilia usiku. Alimaliza chakula chake na kuomba tena, na mama mkwe wangu, aliyekuwa akitutembelea, akasema, "Mwanangu, huyu ameona umri umekwenda, sasa anataka mtu wa karibu." Nililipenda jibu hilo, nikalishika kwa miezi mitatu. Kitu kimoja hakikulingana nalo, nami nilikiona bila kukifikiria: Sultani aliacha kupanda juu ya king'amuzi. Ilikuwa Julai, naye alikuwa akilala chali kwenye sakafu ya saruji. Nilipompima hatimaye, alikuwa ametoka kilo 5 hadi kilo 3.9. Kliniki ya kwanza nilikompeleka ilinipa dawa ya minyoo bila kumgusa shingo. Ya pili ilipima damu, na ikaonekana kwamba tezi yake ya shingoni, thairoidi, ilikuwa ikitoa homoni kupita kiasi.

Ugonjwa huo ni wa kawaida kwa paka waliopita miaka kumi. Huchoma chakula upesi kuliko kinavyoliwa, humfanya mgonjwa kuwa na njaa, wasiwasi na kelele, na huweza kumfanya akimbie joto badala ya kulitafuta. Paka anayekung'ang'ania huku akikwepa vuguvugu ni tofauti kabisa na anayekung'ang'ania kwa sababu ya vuguvugu, na tofauti hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu kila jioni.

Si tezi peke yake. Figo zinazochoka hujulikana kwa kunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda. Kisukari huleta dalili zinazofanana na hizo pamoja na ulaji mwingi. Shinikizo la damu linaweza kumpofusha paka ghafla, naye akawa anakufuata kwa sababu sauti yako ndiyo inayomwongoza. Angalia kama mboni zake zimebaki pana kwenye mwanga. Maumivu ya viungo humfanya ashindwe kuruka kitandani, akalia ili abebwe. Kisha kuna kudhoofika kwa ubongo wa uzeeni, ambako paka husimama kwenye kona akisahau alikokuwa akienda, hulia usiku na hutulia anapokuona. Dalili hizi hupishana mno kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzitenganisha nyumbani, na kwa hiyo paka wa miaka kumi au zaidi aliyekuwa na hulka moja maisha yake yote kisha akageuka ndani ya wiki chache hupimwa damu, mkojo na shinikizo kwanza, halafu ndipo atafutiwe sababu za moyoni.

Mambo ambayo hayangoji kesho

Paka dume anayekujia akilia, akaingia kwenye beseni la mchanga mara kwa mara, akajikamua bila mkojo kutoka, ameziba njia ya mkojo na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mpeleke usiku huohuo. Usimpe paka mwenye maumivu Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Paka usiyemjua, anayekusogelea mitaani kwa urafiki usio wa kawaida au kwa ukali, asishikwe, maana kichaa cha mbwa huwapata paka pia na kubadilika kwa tabia ni dalili yake mojawapo. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha uende hospitali kwa ajili ya chanjo siku hiyohiyo.

Unapomwona daktari

Hakikisha kwamba ni daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina kliniki ya wanyama wadogo Kabete, katika kitivo chake cha tiba ya mifugo. Kwa kuwa paka wengi hubadilika wakiwa kliniki na kuficha kila kitu, rekodi kwa simu video fupi ya tabia inayokusumbua, na ubebe ile karatasi ya tarehe na uzito. Taja pia mambo aliyoacha kuyafanya, kwa sababu daktari hawezi kuyaona na mara nyingi hatakumbuka kuyauliza.

Sultani aliandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, ambavyo hupewa maisha yote, pamoja na kupimwa damu tena baada ya wiki chache. Kufikia wiki ya sita alikuwa amerudisha gramu 400. Jioni moja ya Septemba niliinuka kwenda jikoni, nikatazama nyuma kwa mazoea, wala hakuwapo. Alikuwa amelala juu ya king'amuzi, mkia umeifunika nusu ya taa, na hakuinua hata kichwa.